Kuanza Mwaka wa Kwanza wa Ubingwa wa Magonjwa ya Ndani katika Hospitali ya Jamii, Marekani

Daktari aliyehitimu Muhimbili, KCMC, Nairobi au Makerere, akafaulu mitihani ya USMLE, yaani mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na kupata cheti cha ECFMG kinachotolewa kwa madaktari waliosoma nje ya nchi hiyo, anaweza kujikuta amepangiwa mwezi Machi si hospitali kuu ya chuo kikuu bali hospitali ya jamii, yaani ile ambayo kazi yake ya kwanza ni kutibu watu wa mji ule, na utafiti huja baadaye. Mafunzo huchukua miaka mitatu na kwa kawaida huanza karibu na tarehe 1 Julai. Kwa kuwa katika hospitali nyingi za aina hii wanaosomea ubingwa bobezi, yaani ule wa eneo moja kama moyo au figo, ni wachache au hawapo kabisa, rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa kwanza ndiye anayeitwa mwanzo kitandani, jambo linalomfundisha haraka na pia linaloweza kumtia matatani asipojiandaa.

Kabla ya raundi ya asubuhi, anza kwa muuguzi wa usiku kisha uende kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta itakupa vipimo vyote lakini huenda isikwambie kwamba mgonjwa amelala ameketi. Chukua mfano wa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, aliyepewa furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, miligramu 40 mara mbili kwa njia ya mshipa, na ambaye uzito wake ulikuwa kilo 92 jana na ni kilo 92 leo. Hakikisha kwanza kwamba amepimwa kwa mizani ileile, uangalie kiasi cha mkojo, potasiamu na krietinini (kipimo cha kazi ya figo), umbonyeze miguu kwa kidole kuona kama imevimba maji, ndipo uende kwa daktari bingwa ukiwa na uamuzi wako: "Naona bado ana maji mengi mwilini, napendekeza tupandishe dozi hadi miligramu 80 na tupime potasiamu tena jioni." Wengi wetu tulilelewa kungoja mkubwa aseme, na kwetu hiyo ni adabu, kule ukimya huo husomwa kuwa hujui. Pendekezo lako likikataliwa, uliza sababu papo hapo, kwani katika sababu hiyo ndimo mlimo na somo la siku.

Kukabidhi zamu ni kazi inayohitaji uangalifu kuliko inavyoonekana. Hospitali nyingi hufuata mpangilio uitwao I-PASS: uzito wa hali ya mgonjwa, muhtasari wake, kazi zilizobaki, hatua za kuchukua mambo yakibadilika, na mwisho anayepokea kurudia alichosikia. Kusema "fuatilia hemoglobini" hakumsaidii mwenzako. Mwambie itapimwa lini, ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita aongeze chupa moja ya damu, na aangalie kama choo ni cheusi, dalili ya kuvuja damu tumboni. Hapa Mswahili ana mtego wake mwenyewe, kwa kuwa saa nne yetu ya usiku ni saa kumi yao, na akili iliyochoka hurudi kwenye hesabu ya nyumbani. Andika 22:00 na mashaka yataisha.

Kanuni za ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa Marekani, zinaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, vyote kwa wastani wa wiki nne. Jaza saa zako kwa ukweli hata zikizidi.

Kinachopungua hospitalini kwako, kama vile upandikizaji wa ini au figo, kitafute kwa kuomba mwezi wa hiari katika hospitali kubwa. Anayetaka ubingwa bobezi wa moyo au wa figo asingoje, kwa sababu maombi hutumwa mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Amtafute bingwa mmoja mapema na waandike pamoja kisa cha mgonjwa mmoja.

Mwenye viza ya J-1, ambayo madaktari wengi wa kigeni huitumia kwa mafunzo haya, ajue kwamba akimaliza anatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili, au apate msamaha, kwa mfano kupitia mpango wa Conrad 30, unaomtaka afanye kazi miaka mitatu kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari. Mtihani wa USMLE Step 3 nao ni vyema ufanywe mwaka wa kwanza, katika mwezi wa kliniki, wala si katika mwezi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambako hata kitabu ulichobeba mkobani kitarudi nyumbani bila kufunguliwa.