Majibu ya kipimo cha kinyama cha titi: aina za kansa IDC na ILC, soma hivi

Mimi ni nesi wa kliniki ya kansa na karatasi za majibu naletewa kila siku, mtu ameshaona neno kansa basi hasomi tena. Soma, kwa sababu aina inabadilisha maswali ya kumuuliza daktari.

Hatua ya 1: tafuta aina. Ukikuta IDC au NST ni kansa iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa, na hii ndo ya wengi, kama 70 hadi 80 kati ya wagonjwa 100. ILC imeanzia kwenye vitezi vinavyotengeneza maziwa, hao ni 10 mpaka 15 hivi. Ila ukikuta LCIS usikurupuke, hiyo sio kansa iliyovamia, ni dalili kwamba hatari yako iko juu kuliko wengine na utafuatiliwa.

Hatua ya 2: elewa inavyokaa kwenye titi. Hapa ndo pa kutulia. IDC mara nyingi inajikusanya, inakuwa donge gumu unaligusa kwa kidole. ILC seli zake nyingi zimepoteza protini ya kuzishikanisha, E-cadherin, kwahiyo zinapenya moja moja zikifuatana kama siafu na donge linaweza lisiwepo kabisa, unakuta tu sehemu ya titi imekuwa nzito, au ngozi imevutwa ndani, au chuchu imeingia na zamani haikuwa hivyo. Mamogramu nayo inaweza kuipita, kwahiyo mtu anaambiwa yuko safi huku titi linabadilika. Usikubali kuishia hapo, omba ultrasaundi, na kama ILC imeshathibitishwa uliza kuhusu MRI (ghali, najua, na sio kila mkoa ipo) maana inaonyesha vizuri zaidi ukubwa halisi na kama kuna sehemu nyingine au titi la pili.

Hatua ya 3: angalia ER, PR na HER2. ER na PR ni vipokezi vya homoni kwenye seli za kansa, HER2 ni protini inayoisukuma kansa ikue; chanya maana yake ipo, hasi haipo. Kwangu mimi huu mstari una uzito kuliko jina la kansa, dawa zinachaguliwa hapa. ILC karibu zote ni ER chanya na HER2 hasi. IDC ni mchanganyiko, kuna za homoni, kuna HER2 chanya zinazohitaji trastuzumab (dawa inayolenga HER2), kuna zilizo hasi zote tatu. Kama karatasi haina hivi vipimo rudi uliza, usianze dawa kwa kubahatisha.

Hatua ya 4: matibabu. Upasuaji na mionzi havitofautiani sana, ila kwenye ILC ni kawaida zaidi kurudishwa theatre kwa sababu kingo za nyama iliyokatwa zimekutwa bado na seli. Kemo kabla ya upasuaji huwa haiipunguzi ILC sana kama inavyofanya kwa IDC nyingi, kwahiyo daktari akikwambia tunaanza na vidonge vya kuzuia homoni sio kwamba anakubania. Kwa aliyekoma hedhi, utafiti wa BIG 1-98 ulionyesha letrozole inaizidi tamoxifen (zote ni vidonge vya aina hiyo), na kwenye ILC tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Vidonge ni miaka 5, wengine mpaka 10, na humo katikati ndo watu wanaacha kimya kimya kwa sababu ya viungo kuuma, mwambie daktari abadilishe badala ya kuacha.

Hatua ya 5: ufuatiliaji. Kansa zikiwa zimefika hatua sawa, miaka ya mwanzo ILC haiko nyuma ya IDC, wengine wanakwenda vizuri hata zaidi, ila ina tabia ya kurudi baadaye, hata baada ya miaka 10. Zote mbili zinapenda mifupa. IDC inaenda zaidi mapafu na ini, ILC inaweza kujificha tumboni, utumbo, ovari. Tumbo likikusumbua wiki na wiki na ulishawahi kuwa na ILC, sema mapema kwa atakayekupiga kamera, na kinyama kikichukuliwa aombe kipimwe ER, maana kwa darubini inafanana sana na kansa ya tumbo yenyewe na dawa zake ni tofauti kabisa.