Somo: Kutoka salama kwenye nyumba yenye grili, moto ukizuka usiku

Wanakikundi, kazi yangu ni kuchomelea, na hapa Mwanza grili ndizo zinazonilisha. Wateja huuliza unene wa nondo na bei ya rangi. Wao wenyewe watapita wapi kama moto umeanzia sebuleni, hilo huwa haliulizwi.

Kwanza muda. Watafiti wa Underwriters Laboratories kule Marekani walichoma vyumba viwili vya sebule, kimoja chenye fanicha za kizamani za mbao na pamba, kingine chenye makochi ya sponji kama haya tunayonunua. Cha kizamani kilipita dakika 29 kabla ya kila kitu ndani kushika moto kwa pamoja. Cha sponji hakikufikisha dakika 5. Sasa wewe unayekaa mlimani Igogo, gari la zimamoto halipandi ngazi za mawe. 114 ipigwe, ila ukiwa umeshatoka.

Hatua ya 1. Ingia kila chumba cha kulala utafute njia mbili za kutokea. Mlango ni moja. Ya pili mara nyingi ni dirisha, na dirisha lina grili.

Hatua ya 2, hii ina gharama. Fundi akate sehemu ya grili aitie bawaba, ifungukie nje, na nafasi impitishe aliye mnene kuliko wote nyumbani. Komeo likae ndani, likingwe na kipande cha bamba ili mkono wa mwizi usilifikie. Wengi hung'ang'ania kufuli. Mimi sishauri: kwenye moshi huoni hata kiganja chako, tundu la ufunguo utaliona wapi? Kama usingizi hauji bila kufuli, basi ufunguo utundikwe kwenye msumari kando ya dirisha hilohilo, siyo kwenye pochi ya mama. Wavu wa mbu nao usipigiliwe misumari.

Hatua ya 3. Laleni milango ya vyumba ikiwa imerudishwa, kitasa tu bila kupiga funguo. Kwenye majaribio ya hao hao Wamarekani, chumba kilichoachwa wazi kilizidi nyuzi 500 za Selsiasi, na kilichofungwa kikabaki chini ya 40 hivi.

Hatua ya 4. Chagueni pa kukutania nje, kwa mfano jiwe kubwa la jirani. Fanyeni zoezi usiku, taa zimezimwa, mkitambaa. Aliyetoka harudi ndani, hata kufuata simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, nimepanga Mabatini, nyumba haina dari, ukuta umeishia chini ya bati. Kufunga mlango kuna maana?

Kunasaidia kidogo, dada, ila usikutegemee. Moshi hupanda kwanza, kwa hiyo utavuka juu ya ukuta na kukufikia ukiwa usingizini. Tafuta kengele ya moshi ya betri, ifungwe juu koridoni, na kila mwezi uibonyeze usikie kama inalia. Kisha mbane mwenye nyumba aweke dari.

Mume wangu hulaza bodaboda koridoni, nje wanaiba.

Mwambie shemeji ameziba njia kwa tangi la petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa. Achimbie pete ya chuma ukutani nje, anunue mnyororo mnene.

Gesi ikinuka usiku, niwashe taa nitazame?

Usiwashe, na iliyowaka usiizime. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, tokeni.

Bibi yetu hawezi kutambaa wala kuruka dirisha.

Mhamishieni chumba kilicho karibu na mlango wa nje. Atakayemshika mkono ajulikane leo, na awepo wa pili kwa zile siku ambazo wa kwanza amelala ziwani kwenye dagaa.