Somo: Kutoka lita hadi bathi, efa na logi

Wapendwa, wengi huanza hesabu hii ya kugeuza lita kuwa vipimo vya ujazo vya Biblia kwa kutafuta lita kwenye jedwali la mwisho wa Biblia, halafu wanakwama wakikuta Biblia nyingine ina namba tofauti. Vipimo vya Kiebrania vyenyewe kwa vyenyewe vinapatana vizuri sana. Kinachobishaniwa ni lita. Basi shikeni uwiano kwanza.

Hatua ya 1: Kariri uwiano. Tutahesabu kwa logi. Logi 4 ni kabu, logi 12 ni hini, logi 24 ni sea, logi 72 ni efa. Bathi na efa zina ujazo mmoja (Ezekieli 45:11): bathi hupimia mafuta, divai na maji, efa hupimia nafaka na unga. Bathi au efa 10 ni homeri, iitwayo pia kori. Omeri, kipimo cha mana, ni sehemu ya kumi ya efa, yaani logi 7.2.

Hatua ya 2: Chagua bathi yako, uiandike juu ya ukurasa. Msiiruke hatua hii hata kidogo. Bathi ya lita 22 hivi inatokana na vipande vya mitungi yenye maandishi ya bathi, vilivyochimbuliwa Lakishi na Tell Beit Mirsim, miji ya kale ya Yuda. Marabi walienda kwa yai: logi ni ujazo wa mayai 6. Rabi Avraham Chaim Naeh alikadiria yai kuwa mililita 57.6, hivyo bathi yake ni lita 24.88. Rabi mwingine, Chazon Ish, alikadiria yai kubwa zaidi, karibu mililita 100, na bathi yake inafika lita 43. Nafundishia 22 kwa sababu inatoka kwenye vyombo vya enzi ya wafalme wa Yuda. Anayetaka kuelewa desturi za Wayahudi wa leo, kama kikombe cha divai cha Sabato, atumie za marabi.

Hatua ya 3: Pata logi yako. 22 ÷ 72 = lita 0.3056.

Hatua ya 4: Gawanya, kisha panda ngazi. Chukua dumu la maji la lita 20. 20 ÷ 0.3056 = logi 65.45. Haifiki 72, kwa hiyo hakuna bathi kamili. Hini 5 zinachukua logi 60, zinabaki 5.45. Jibu: hini 5 na logi 5 na nusu hivi. Dumu hilohilo likijaa mtama, kwa vipimo vya nafaka: sea 2 (logi 48), kabu 4 (logi 16), na logi 1 na nusu hivi.

Kwa bathi ya Naeh, maji yaleyale ni hini 4 na logi karibu 10. Ndiyo maana jibu lisilotaja bathi iliyotumika halikaguliki. Na usiandike desimali nne kwenye jibu la mwisho; mtungi uliovunjika hauwezi kutupa uhakika huo.

Maswali ya wanachama

*Bwana asifiwe, mwalimu. Bahari ya Sulemani iliingia kweli bathi 2,000?*

Amina. Swali zuri mno, maana 1 Wafalme 7 inatupa vipimo vyote vya birika hilo la shaba la hekaluni: upana dhiraa 10, kimo dhiraa 5, bathi 2,000. Ukiichukulia kuwa pipa la mviringo, kwa dhiraa ya sentimita 45 unapata lita 35,800, yaani bathi ya lita 17.9 tu. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi, inasema dhiraa tatu za chini zilikuwa za mraba na mbili za juu za mviringo. Kwa hesabu yao ya pai kuwa 3, ni 300 + 150 = dhiraa za ujazo 450, karibu lita 41,000. Gawanya kwa 2,000: lita 20.5, jirani kabisa na 22 yetu. Weka dhiraa ya Naeh ya sentimita 48, inatoka lita 24.88 bila kupungua, sawa na bathi yake. Ile 3,000 ya 2 Mambo ya Nyakati 4:5 Talmudi inaieleza kuwa ni kipimo cha vikavu, kilichojazwa kwa lundo.

*Mwalimu, Kutoka 16 kwangu imeandikwa pishi. Nitumie vibaba vinne?*

Hapana, dada. Pale pishi imesimama badala ya omeri. Tumia sehemu ya kumi ya efa: lita 2.2 kwa kila mtu kwa siku.

*Sara alikanda unga kiasi gani kwa wageni watatu?*

Mwanzo 18:6 ni sea 3, yaani efa nzima: lita 22 za unga. Ibrahimu aliwaambia wageni "kipande cha mkate" tu!

*Na mabalasi ya Kana, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai?*

Yohana anatumia metreta ya Kiyunani, karibu lita 39, mbili au tatu kwa kila balasi. Mabalasi sita yanakuwa kati ya lita 470 na 700. Ukitaka bathi, gawanya kwa 22: kama 21 hadi 32.