Jinsi ya Kufuatilia Volkano na Kupanga Ngazi ya Tahadhari

Hatua ya kwanza: ujue mlima ukiwa umetulia. Kukusanya kumbukumbu za miezi na miaka kunachosha, lakini idadi ileile ya matetemeko madogo huwa jambo la kawaida kwenye volkano moja na dalili nzito kwenye nyingine, na asiyeijua kawaida ya mlima wake hawezi kutofautisha. Wakati huohuo chora ramani ya hatari kwa kufuata mabaki ya milipuko ya kale: majivu yalifika wapi, tope lilipita bonde gani.

Hatua ya pili: soma mitetemo. Weka vipima-mitetemo kadhaa kuuzunguka mlima, maana kimoja hakitakuonyesha kina cha tetemeko, kisha tazama umbo la mstari unaochorwa na vipima hivyo. Mwamba unapopasuka kwa kusukumwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, mstari huruka ghafla, huwa na meno yaliyosongamana, kisha hufifia upesi; majimaji au gesi zinapopita kwenye nyufa, mawimbi huja mapana na ya taratibu. Mtikisiko usiokatika kwa dakika au saa nyingi ni sababu tosha ya kuwaamsha wenzako usiku wa manane.

Hatua ya tatu: linganisha mitetemo hiyo na gesi zinazotoka mlimani, na kuvimba kwa ardhi kunakopimwa kwa GPS, vipima-mwinamo na rada za satelaiti. Usiamini kipimo kimoja. Mwaka 1991, katika mlima Pinatubo wa Ufilipino, gesi ya salfa dioksidi ilipanda kutoka takriban tani 500 kwa siku tarehe 13 Mei hadi tani 5,000 tarehe 28 Mei, kisha ikashuka ghafla. Aliyetazama gesi peke yake angesema mlima unapoa. Waliosoma pia matetemeko walihofu kwamba njia ya gesi imeziba na shinikizo linaongezeka. Ngazi ya tahadhari ilipandishwa, maelfu ya watu wakahamishwa, na mlipuko mkubwa ukatokea tarehe 15 Juni.

Hatua ya nne: panga ngazi, na vigezo vyake viandikwe kabla ya dharura. Marekani hutumia ngazi nne kwa walio ardhini na rangi nne kwa ndege, kwa kuwa majivu yanaweza kuhatarisha ndege hata pale ambapo vijiji vya chini haviguswi. Chagua maneno kwa uangalifu mkubwa. Mlima Ontake wa Japani ulilipuka tarehe 27 Septemba 2014 ukiwa katika ngazi ya 1, iliyoitwa “kawaida”, na watu 63 walikufa au kupotea. Baadaye neno hilo liliondolewa, na ngazi hiyo sasa humkumbusha msomaji kuwa mlima ni volkano hai. Mimi siandiki “salama” katika ngazi yoyote.

Hatua ya tano: toa tangazo linalosema kilichoonekana, kinachoweza kutokea, mahali gani, watu wafanye nini, na tangazo lijalo litatoka saa ngapi. Hakikisha limefika. Mwaka 1985, kabla ya Nevado del Ruiz kulipuka nchini Kolombia, ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa, lakini mji wa Armero haukuhamishwa, na tope liliufikia zaidi ya saa mbili baada ya mlipuko. Zaidi ya watu 20,000 walikufa.

Kushusha ngazi kunataka subira zaidi kuliko kupandisha: subiri vipimo vyote virudi katika kawaida uliyoiandika mwanzoni, na vikae hapo.