Kitufe cha SOS garini: hapa Uganda kinamwita nani?

Keti kwenye kiti cha dereva, kisha utazame juu, penye taa ya ndani. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kitufe hapo chenye maandishi SOS, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo unachokisukuma au kukifungua kwa kidole. Kabla ya kujifunza kukibonyeza, jua kwanza ni nani atakayepokea, maana madereva wengi wanakitegemea kitufe ambacho huku hakifiki kwa mtu yeyote.

Kama gari lako lilitumika Japani kabla ya kuja Uganda, kitufe hicho mara nyingi kiliunganishwa na huduma ya simu za dharura iitwayo HELPNET. Wapokeaji wake wako Japani na laini iliyofungwa ndani ya gari ni ya mtandao wa huko. Mkataba wa mwenye gari wa kwanza haukuvuka bahari pamoja na gari. Kwa hiyo hapa kitufe hicho kihesabu kama hakipo.

Gari la Ulaya ni habari nyingine. Tangu tarehe 31 Machi 2018, kila modeli mpya ya gari dogo inayoidhinishwa katika Umoja wa Ulaya lazima iwe na mfumo wa eCall. Ajali ikitokea na mifuko ya hewa ikafunguka, gari hupiga 112 lenyewe na kutuma kifurushi kidogo cha data, baiti 140 tu: mahali lilipo, lilikokuwa linaelekea, namba ya chesisi, aina ya mafuta, na mara nyingi idadi ya mikanda iliyofungwa. Hapa Uganda 112 ni namba ya polisi pia, sawa na 999. Lakini hata simu ikipita, usitegemee kwamba anayepokea ataona data ile. Itabidi useme kwa mdomo uko wapi.

Aina ya tatu haina laini yake, hutumia simu yako kupitia Bluetooth. Mfumo wa namna hii una nafasi nzuri zaidi ya kukusaidia, kwa kuwa laini ni yako na mtandao ni wa hapa. Ingia kwenye mipangilio ya skrini ya gari, tafuta sehemu ya msaada wa dharura, uiwashe. Hakikisha simu imeunganishwa kila unapoanza safari, ina chaji, na imekaa kwenye kishikio chake. Simu iliyolazwa juu ya dashibodi huruka wakati wa kugongana, na ikizimika, msaada nao umekatika. Soma pia kitabu cha gari uone kama mfumo umeruhusiwa kwa nchi hii, kwa sababu baadhi hujizima ukiwa nje ya nchi zilizoorodheshwa.

Washa gari uangalie taa ndogo iliyo pembeni ya kitufe. Katika magari mengi kijani maana yake mfumo uko tayari, nyekundu maana yake kuna hitilafu. Nyekundu huletwa na mambo machache: betri ndogo ya akiba ya moduli (kisanduku cha umeme kinachopiga simu hiyo) imechoka, fyuzi imekatika, mtandao haupatikani, au antena ya juu ya paa imeharibika. Hilo la antena huwapata wengi baada ya gari kupigwa rangi upya. Fundi hung'oa ile antena yenye umbo la pezi la papa, halafu anarudisha pambo la plastiki lisilo na waya ndani. Usijaribu mfumo kwa kubonyeza ovyo ikiwa unapiga 112, utashika laini anayoihitaji mtu aliyeumia kweli. Na fundi wa umeme akishauri achomoe fyuzi ya moduli hiyo ili betri isiishe, muulize kwanza ni vitu gani vingine vinapita hapo. Kwenye baadhi ya Toyota, maikrofoni ya simu na spika moja ya mbele hufa papo hapo.

Kwa hiyo kazi ya kitufe uifanye mwenyewe, kwa simu ya mkononi. Simu nyingi za Android hupiga simu ya dharura ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara 5 mfululizo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, uweke watu wawili watakaopelekewa ujumbe. Kwenye iPhone shikilia kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha sauti. Fanya mipangilio hii nyumbani ukiwa umetulia. Kando ya barabara, mikono ikitetemeka, hutaiweza.

Sasa mahali ulipo. GPS ya simu haihitaji bando, inahitaji anga wazi. Fungua ramani, gusa kile kidoti cha bluu na ukishikilie, nambari mbili zitatokea. Desimali nne zinatosha, kosa lake ni kama mita 11 tu. Zitume kwa SMS ya kawaida ikiwa WhatsApp imegoma.

Hapa kuna mtego wa nchi yetu. Ikweta inapita ndani ya Uganda, pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Ukiwa kusini yake, nambari ya kwanza ina alama ya kutoa mbele. Mji wa Masaka uko karibu na -0.34, 31.73. Ukiisahau ile alama, au ukiisoma kwenye simu bila kuitamka, mwenye gari la kuvuta atatumwa kilomita 75 hivi kaskazini yako. Ukiwa Mbarara kosa hilo hilo linazidi kilomita 130. Tamka wazi: "kutoa sifuri nukta tatu nne", kisha mwombe aliyepokea arudie.

Pamoja na nambari, sema njia kama watu wa hapa wanavyoijua: umetoka wapi, unaelekea wapi, uko kati ya vituo gani vya biashara, upande gani. "Nimetoka Lugazi naelekea Jinja, niko ndani ya msitu wa Mabira, sijafika Najjembe, upande wa kushoto." Kama hujui jina la mahali, mpe simu mtu wa bodaboda wa steji iliyo karibu, maneno yake matano yatamfikisha fundi.

Ukisubiri, washa taa za tahadhari, washushe abiria kwa mlango wa kushoto na wakae mbali na lami. Weka pembetatu nyuma ya gari kwa hatua 70 hivi, mara mbili yake kwenye barabara ya kasi, na kama umekwama baada ya kona au kilele cha kilima, iweke kabla ya kona. Matawi ya miti kila dereva anayaelewa mchana, lakini usiku hayaakisi mwanga, na yakiachwa barabarani baadaye yanaua mwendesha pikipiki. Yaondoe kabla ya kuondoka.

Gari la kuvuta lina hesabu zake. Bima kubwa huenda inagharamia kuvutwa, ile ya third party usiitegemee. Soma karatasi leo na uihifadhi namba yao ya dharura kwenye simu. Kama unalipa mwenyewe, patana bei na gereji ya kufikia kabla ndoano haijafungwa. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, kama Subaru Forester nyingi, lipakiwe lote juu ya lori bapa. Likiburutwa magurudumu mawili yakiwa chini, gia yake huungua. Haibridi za Toyota zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele nazo haziburutwi magurudumu hayo yakigusa lami, kwa kuwa mota huendelea kuzalisha umeme.

Fungua buti uitafute ile pete ya chuma ya kuvutia, kwa kawaida imelazwa pamoja na jeki. Magari yaliyotumika mara nyingi hufika bila hiyo. Ikiwepo, ikaze kwenye tundu lililo nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Ikikataa kuingia, jaribu kuzungusha upande wa pili, maana baadhi zina nyuzi za kushoto. Ikazwe mpaka mwisho kwa spana ya gurudumu, kwa sababu ile iliyokazwa kwa vidole tu huchomoka mnyororo ukivutika.