Kushona Kifuniko cha Kiti cha Mtoto cha Gari Bila Kuharibu Kazi ya Mikanda

Viti vya watoto vya gari vinavyotufikia vikiwa mitumba mara nyingi huja na vitambaa vilivyopauka, vilivyochanika au vyenye madoa yasiyotoka, na wazo la kwanza linalomjia mzazi ni kukipeleka kiti kwa fundi cherehani kikavishwe kitambaa kipya. Mimi ni fundi, na kazi ya namna hiyo huwa naikataa. Siikatai kwa ugumu wake, kwani mtu aliyezoea kuvalisha makochi ataimaliza kwa siku moja. Naikataa kwa sababu kitambaa kile si pambo. Kanuni namba 44 ya Umoja wa Mataifa, ambayo viti vingi vya Ulaya vilipimwa kwayo, inamtaka mtengenezaji aeleze katika kijitabu cha maelekezo kwamba kiti kisitumike bila kitambaa chake, na kwamba kitambaa hicho kisibadilishwe ila kwa kile alichokipendekeza yeye mwenyewe, kwa kuwa ni sehemu ya utendaji wa kiti wakati wa ajali.

Katika majaribio ya kanuni hiyo, kiti hugongeshwa kwa mbele kwa mwendo wa takriban kilomita 50 kwa saa kikiwa kimevaa kitambaa chake, chenye unene wake na matundu yake ya kupitishia mikanda. Tundu likishonwa upya na kukaa sentimita mbili kando, mkanda hujikunja au hukwama, na mzazi anayevuta hudhani umekaza kumbe umeshikwa na kitambaa. Kuna pia suala la moto: kiwango cha usalama cha Marekani kinataka moto usisambae kwenye kitambaa cha kiti kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, na sisi mafundi wa mtaani hatuna kifaa cha kupimia jambo hilo. Kwa hiyo kitambaa cha asili kikiwa kimeharibika kabisa, aulizwe mtengenezaji kama anauza kingine cha modeli hiyo hiyo. Mkanda wenyewe ukichanika, usishonwe kamwe, kwa maana kila tundu la sindano hukata nyuzi zinazobeba uzito wa mtoto.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyashona nyumbani kwa moyo mtulivu, mradi ashike sharti moja: kitu alichokishona kisipite kati ya mgongo wa mtoto na kiti, wala kati ya mwili wa mtoto na mkanda. Mto wa sponji unaonekana kuwa huruma kwa mtoto, lakini gari linapogonga, sponji hubonyea papo hapo na kuacha nafasi kati ya mkanda na kifua. Anayetaka kuliona hili kwa macho yake amweke mtoto juu ya mto huo, akaze mikanda vizuri, kisha amtoe bila kuilegeza, auondoe mto na kumrudisha. Ulegevu atakaouona ndio ambao mtoto angekuwa nao wakati wa ajali.

Kifuniko cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho chenye manufaa kuliko vyote kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ni kile cha kufunika kiti kikiwa kitupu wakati gari limeegeshwa juani. Bizimu ya chuma inayofungia mikanda, ikipigwa na jua la mchana, inaweza kuunguza ngozi ya mtoto, na kitambaa cheusi cha kiti hunyonya joto jingi. Kwa kuwa kifuniko hiki huondolewa kabla mtoto hajaketi, hakigusi kabisa kazi ya mikanda.

Chukua khanga moja ya pamba yenye mji mweupe au wa rangi nyepesi, maana rangi nzito hunyonya joto tunalolikimbia. Ifue na uikaushe kwanza ili iwe imeshajikunyata kabla ya kukatwa. Kisha pima kiti kwa tepu: anzia juu ya egemeo, shuka ukifuata mkunjo hadi ukingo wa mbele wa sehemu ya kukalia, halafu pima upana mahali palipo papana zaidi pamoja na mbavu zake. Ongeza sentimita 15 kila upande. Kiti chenye urefu wa sentimita 105 na upana wa 75 kitahitaji kipande cha sentimita 135 kwa 105, na khanga ya kawaida, yenye takriban sentimita 150 kwa 110, itatosha. Viringisha pembe nne kwa kuchora kwa chaki ukizungushia sahani, kwa sababu pembe kali hufanya lastiki ijikusanye mahali pamoja.

Pinda ukingo mara mbili, nusu sentimita kwanza kisha sentimita mbili, na ushone pembezoni kabisa mwa pindo hilo ukiacha mlango wa sentimita nne. Kwa lastiki, zungusha kipande chenye upana wa sentimita moja kwenye ukingo wa nje wa kiti bila kukivuta, halafu punguza kama sentimita 10. Ipitishe kwa pini, uunganishe ncha zake kwa kuzilaza moja juu ya nyingine na kuzishona mara tatu, kisha ufunge mlango. Usiweke kamba za kufungia, vifungo wala shanga. Kamba ndefu ni hatari shingoni mwa mtoto, na vitu vidogo huishia mdomoni.

Naomba isieleweke kwamba kifuniko hiki hulipoza gari. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto hupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu, na mtoto hapaswi kuachwa humo hata kwa muda wa kwenda dukani kununua mkate. Hata kama kiti kilifunikwa, gusa bizimu kwa mgongo wa kiganja kabla ya kumfunga mtoto.

Kifuniko cha pili ni cha kile kiti cha kichanga chenye mpini wa kubebea, na kazi yake ni kuzuia mbu na nzi unapombeba mtoto kutoka kliniki au nyumbani kwa bibi. Hapa tumia kitambaa cha neti kinachouzwa kwa mita. Usikate chandarua chenye dawa, kwa kuwa mtoto atakivuta na kukinyonya. Ushonaji ni ule ule, isipokuwa vipimo vichukuliwe mpini ukiwa umesimama ili neti ipite juu yake na kukaa mbali na uso, na lastiki ishike ukingo wa nje wa kiti peke yake. Kitambaa kizito, au khanga iliyofunika kiti pande zote, huzuia hewa na kuongeza joto, na zaidi ya hayo humficha mtoto. Kichanga ambaye kichwa kimemwangukia kifuani anaweza kukosa pumzi bila kutoa sauti yoyote, kwa hiyo uso wake uonekane wakati wote. Ukishaingia ndani ya gari, ivue neti na uulaze mpini kama kijitabu cha kiti kinavyoelekeza.

Wazazi wa Njombe au Limuru, ambako asubuhi huwa na baridi kali, wataniuliza kuhusu blanketi. Mfunge mtoto kwanza akiwa na nguo nyepesi, kaza mikanda hadi vidole vyako vishindwe kubana mkunjo wa mkanda begani, kisha mtandikie blanketi juu ya mikanda kuanzia kifuani kwenda chini, na uliondoe gari likipata joto.

Vifuniko vyote viwili hufuliwa kwa sabuni ya kawaida. Mikanda ya kiti haifuliwi wala haitiwi jiki: ipanguse kwa kitambaa chenye maji na uiache ikauke kivulini. Kila baada ya miezi michache vuta lastiki uione, na ikiwa imelegea, fumua mlango ule wa sentimita nne, uitoe na uingize nyingine.