Kuni zimekauka? Iulize mizani

Nyufa kwenye ncha za kuni hudanganya: ncha hukauka kwanza, ndani bado kubichi. Chagua kipande kinene kilichopasuliwa, kutoka katikati ya rundo, ukipime kila baada ya wiki mbili (mizani ya kuning'iniza inatosha) na uandike uzito palepale kwenye kuni kwa mkaa. Kinachopungua ni maji, kwa hiyo uzito ukigoma kushuka, zimekauka. Msimu wa mvua usikiamini kipimo hiki: hewa ikijaa unyevu uzito husimama mapema, na kuni ukiziwasha zinafuka moshi na kutoa povu kwenye ncha. Hata mti uliokauka ukiwa umesimama upimwe vivyo hivyo. Matawi huwaka vizuri, shina la chini likawa bado limejaa maji.